Wapanda Farasi wa Angani: Historia Fupi ya Brigedi ya Helikopta ya Fort Hood

Kwenye karatasi, brigedi ya anga ya Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi ya Marekani ilizaliwa Septemba 1984, huko Texas. Lakini aliyewahi kuvaa nembo yetu ya kichwa cha farasi haanzi kuhesabu hapo. Tunaanza 1963, Fort Benning, Jenerali Harry Kinnard alipokabidhiwa divisheni ya majaribio aone kama askari wa miguu wanaweza kupelekwa vitani, kulishwa na kuokolewa kwa helikopta. Bodi ya Jenerali Hamilton Howze ilikuwa imependekeza hivyo mwaka uliotangulia. Kinnard aliamini, akatufanya sote tuamini.

Helikopta nyingi ziliwekwa chini ya Kundi la Anga la 11. Batalioni za 227 na 229 zilipewa Huey: kila moja kombania tatu za kubeba askari, helikopta 20 kwa kombania, na ya nne ya Huey zenye roketi na bunduki. Batalioni ya 228 ilikuwa na Chinook, zilizoninginiza mizinga na kuivusha milima. Julai 1, 1965, majaribio yakaisha, tukapewa bendera ya Wapanda Farasi wa Kwanza, tukiwa na ndege zaidi ya 400. Septemba tukawa Vietnam.

Brigedia Jenerali John Wright alitangulia An Khe na watu wapatao 1,000 kuandaa uwanja. Tingatinga alizikataa. Ardhi ikichunwa nyasi, upepo wa Huey huinua vumbi linalompofusha rubani na kuila injini. Mvua ikija, ni tope. Basi maofisa na askari wa kawaida wakashika mapanga na mashoka, wakafyeka kwa mikono mpaka pakawa kama uwanja wa gofu, na jina hilo likabaki. Jeshi linaloanza hivyo hujuana mapema.

Kisha bonde la Ia Drang, Novemba 14. Meja Bruce Crandall alikuwa na Huey 16, hazikutosha kubeba batalioni ya Luteni Kanali Hal Moore kwa mkupuo mmoja. Risasi zilipozidi uwanjani, yeye na Kapteni Ed Freeman waliendelea kutua na helikopta zisizo na silaha, wakishusha risasi na maji, wakiondoka na majeruhi, zaidi ya 70 kwa jumla. Freeman alipewa Nishani ya Heshima 2001, Crandall 2007. Walistahili mapema zaidi. Siku tatu baada ya kutua huko, penye uwanja wa kutua uitwao Albany, mambo yalikuwa mazito. Waliokuwepo husema machache, nasi tunawaachia.

Baadaye, tukiwa sasa brigedi: Vita vya Ghuba 1991; mwaka 1998 batalioni yetu ya 227 ikawa ya kwanza kupokea helikopta za Apache Longbow; Bosnia; shambulio la Karbala, Iraki, Machi 2003, usiku uliotujaribu, na marubani wetu wawili waliotekwa wakarejea salama Aprili; Iraki tena na tena; Afghanistan 2011; Ulaya 2017.

Leo kuna Apache za kushambulia na kupeleleza, Black Hawk za kubeba askari, Chinook za mizigo, helikopta za majeruhi, na batalioni ya 615 ya ugavi na matengenezo. Kwa mafundi wa 615, wanaokesha chini ya injini ili wenzao waruke alfajiri: asanteni sana.