Unataka Kuhudumia Wagonjwa na Huna Uzoefu? Njia Tatu kwa Vijana wa Nachingwea na Ruangwa

Ufuta ukishauzwa, familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa huanza kupiga hesabu ya ada. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na anataka kuhudumia wagonjwa, jambo la kwanza ni kujua anaingilia mlango upi. Ipo milango mitatu, na hakuna unaodai uzoefu.

1. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii

Huu ndio ulio karibu na nyumbani. Mpango wa taifa ulizinduliwa Januari 31, 2024, ukilenga wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Anayetaka huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kwa sababu wakazi ndio wanaochagua majina mkutanoni. Mafunzo ni miezi sita, darasani na kwa vitendo. Kazi yenyewe ni kupita nyumba kwa nyumba, kufuatilia wajawazito na watoto, na kuwapa rufaa wanaotakiwa kufika zahanati.

2. Msaidizi wa afya

Huyu anafanya kazi wodini. Anaogesha na kulisha wasiojiweza, anawasaidia kwenda haja, anapeleka sampuli maabara na kusafisha vifaa. Ni kazi ya moyo, mwenye kinyaa haitamkalia. Matangazo ya ajira za serikali hutaka kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja ya fani ya afya kutoka chuo kinachotambuliwa. Maombi hutumwa mtandaoni, hivyo anayeomba hela "akuunganishe" ni wa kukwepa.

3. Muuguzi

Hapa panahitajika ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mbali na Nachingwea kwenyewe, vyuo vya uuguzi vya jirani vipo Ndanda, Nyangao na Mkomaindo mjini Masasi. Baada ya kuhitimu, mtu hafanyi kazi mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Kabla ya kulipa ada

Hapa ndipo wengi wanapolia. Jina la chuo na la kozi yenyewe vitafutwe kwanza kwenye orodha ya NACTVET. Chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi inayotangazwa isiwemo. Cheti cha namna hiyo hakipokelewi kwenye ajira, na hela ya msimu mzima inakuwa imekwenda.

Wakati wa kusubiri

Aliyewahi kumuuguza bibi kitandani tayari ana pa kuanzia. Anajua kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kuvaa glavu anapogusa damu au choo, na kunawa kwa sabuni kabla na baada. Anayetaka kujitolea zahanati au kituo cha afya aonane na mganga mfawidhi na apewe ruhusa ya maandishi. Aulize pia chanjo ya homa ya ini B, maana kazi hii ni ya karibu na damu.

Akiwa huko, akumbuke mpaka wake. Asiyesomea hachomi sindano wala hagawi dawa, hata wodi ikizidiwa. Kosa moja la dawa linaweza kumuua mgonjwa.