Waliosimama na Walioanguka



Mara nyingi tunapozungumza habari za Kanisa la kwanza, tunasimulia juu ya mashahidi waliotupwa mbele ya simba, waliochomwa moto na waliokatwa vichwa kwa ajili ya imani. Ni vema kuwakumbuka. Lakini tukisimulia hayo peke yake, tutadhani kwamba Wakristo wote wa zamani walikuwa mashujaa, na ya kuwa kuanguka ni jambo la siku zetu tu. Sivyo. Leo twataka kuzungumza juu ya wale wasiosimama, na jinsi Kanisa lilivyowatendea. Mambo haya yalitukia katika bara letu hili la Afrika, katika mji wa Carthage, karibu na ulipo leo mji wa Tunis, nchini Tunisia.

Mwaka wa 249 Decius alitawazwa kuwa Kaisari wa Rumi. Dola ilikuwa katika shida, maadui wakisumbua mipakani, naye aliona kwamba taifa litapona ikiwa watu wote watairudia miungu ya zamani. Akatoa amri: kila mtu afike mbele ya wakuu wa mahali pake, afukize ubani au amimine divai, na aonje nyama ya sadaka. Akiisha kufanya hivyo alipewa cheti chenye sahihi za mashahidi. Zaidi ya vyeti 40 vya namna hiyo vimeonekana katika mchanga wa Misri, navyo ni vya mwaka wa 250. Kimoja ni cha mwanamke aliyekuwa kuhani wa mungu-mamba wa Wamisri! Hata yeye alitakiwa aonyeshe cheti. Amri ilikuwa ya watu wote, lakini Mkristo ndiye aliyebanwa, kwa maana hawezi kuwatumikia mabwana wawili.

Je, Wakristo walifanyaje? Wengine walisimama imara. Huko Rumi askofu Fabian alikufa mwezi wa Januari mwaka wa 250. Katika Afrika, mtu mmoja aitwaye Numidicus alimwona mkewe akiteketea kwa moto kando yake. Yeye mwenyewe alichomwa nusu, akapigwa mawe na kuachwa kama maiti, hata binti yake alipokuja kuutafuta mwili wa babaye akamkuta angali anapumua.

Lakini wengi, ndugu zangu, walianguka. Askofu wa Carthage wakati ule alikuwa Cyprian, mtu msomi aliyekuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuokoka. Yeye ameandika kwa uchungu jinsi watu wake walivyokimbilia uwanjani pasipo hata kuburutwa. Jioni ilipoingia wakuu wakawaambia warudi kesho, nao wakasihi wasicheleweshwe! Wazazi wakawapeleka watoto wachanga mikononi. Wengine hawakutoa sadaka kwa mikono yao, ila walitoa hongo kwa siri wakanunua cheti, wakajiambia kwamba hawakumkana Kristo kwa kuwa hawakugusa ubani. Cyprian aliijua sababu. Kanisa lilikuwa limekaa miaka mingi kwa raha, na watu walikuwa wamependa mali. Mwenye shamba na nyumba hakuweza kukimbia, maana mali yake ilimfunga miguu kama mnyororo.

Na Cyprian mwenyewe, je? Makutano walikuwa wamepiga kelele kwamba atupwe kwa simba. Akaondoka mjini, akajificha, akiongoza kanisa kwa barua kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Alisema kwamba kuwapo kwake kungeongeza ghasia juu ya ndugu, na kwamba Bwana aliwapa wanafunzi wake ruhusa ya kukimbia wakiudhiwa. Lakini wapo walionung'unika. Wazee wa kanisa la Rumi, ambao askofu wao alikuwa amekufa, waliandika barua yenye kumkumbusha mchungaji wa mshahara akimbiaye mbwa-mwitu ajapo. Fikirini jinsi maneno hayo yalivyomchoma.

Mateso yalipopoa, walioanguka walianza kubisha mlangoni mwa Kanisa. Walilia. Walitaka kurudi mezani pa Bwana. Hapo ndipo taabu kubwa ilipozuka, na pengine taabu hii ilililemea Kanisa kuliko ile ya Kaisari. Wapokewe au wasipokewe?

Palikuwa na majibu mawili ya haraka. Wengine walisema, wapokewe leo leo. Baadhi ya ndugu waliofungwa gerezani kwa ajili ya Kristo walikuwa wakitoa barua za amani kwa walioanguka, na makasisi kadhaa wakawapa Meza ya Bwana bila toba yo yote. Wengine walisema, wasipokewe kamwe. Huko Rumi kasisi mmoja msomi, Novatian, alishika neno hilo, akajitenga na askofu Cornelius na kuanzisha kanisa lake la watu aliowaona kuwa safi.

Wale wa kwanza walikuwa na rehema pasipo toba. Novatian alikuwa na toba pasipo rehema, kwa maana alimwambia mwenye dhambi alie mpaka kufa kwake, lakini kanisani asimfungulie.

Baada ya Pasaka ya mwaka wa 251 Cyprian alirudi, na maaskofu wa Afrika wakakutana Carthage. Hawakuwatia watu wote katika kapu moja. Waliamua kila mmoja aulizwe habari zake: Je, alikimbilia mwenyewe, au aliteswa hata nguvu zikamwishia? Je, alitoa sadaka, au alinunua cheti tu? Walionunua cheti na kutubu waliweza kupokewa. Waliotoa sadaka wakae katika toba, wapokewe wanapokaribia kufa. Baadaye, chini ya Kaisari Gallus, ilipoonekana kwamba mateso mengine yanakuja, maaskofu walikaa tena wakawapokea wote waliodumu katika toba. Walisema haifai kumpeleka askari vitani bila silaha. Mtu atawezaje kumwaga damu yake kwa ajili ya Kristo ikiwa Kanisa limemnyima kikombe cha Bwana?

Toba yenyewe ilikuwa na matunda. Mtu mmoja aitwaye Celerinus alikuwa amefungwa huko Rumi siku 19 bila kumkana Bwana. Dada yake alianguka. Pasaka ilipofika, wakati wengine wakishangilia, yeye alivaa gunia akalia mchana na usiku kwa ajili ya dada huyo. Hakumdharau, wala hakujivunia vifungo vyake mwenyewe. Na wanawake walioanguka, aliowaombea, hawakukaa bure wakijihurumia. Walishuka bandarini kuwapokea ndugu waliofukuzwa Carthage, wakawatunza, watu 65 kwa jumla. Mikono iliyokana ikageuka kuwa mikono ya kuosha majeraha.

Sasa tumalize habari za Cyprian. Mwaka wa 257 Kaisari Valerian alianza mateso mapya, na Cyprian akahamishwa hata mji wa Curubis. Mwaka uliofuata alirudishwa karibu na Carthage. Rafiki zake wakuu walimpa mahali pa kujificha. Safari hii akakataa. Alipotakiwa apelekwe mji wa Utica, alijitenga kwa siku chache tu, kwa sababu alitaka afe mbele ya kundi lake mwenyewe. Tarehe 14 Septemba 258 alisimama mbele ya liwali Galerius Maximus. Aliambiwa atoe sadaka, akakataa. Hukumu ya upanga iliposomwa, alimshukuru Mungu. Akaagiza mwuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu, akajifunga kitambaa machoni kwa mkono wake, na ndugu wakatandika nguo mbele yake. Yule aliyeitwa mkimbizi akawa shahidi.

Katika lugha yetu, shahidi ni mtu aitwaye barazani aseme aliyoyaona. Ndiyo maana ile ile ya neno la Kiyunani walilotumia Wakristo wa kwanza. Shahidi hashuhudii uhodari wake. Anamshuhudia mwingine, yaani Kristo. Ndiyo maana aliyeanguka jana aweza kuwa shahidi kesho. Petro alimkana Bwana kando ya moto wa makaa, na kando ya moto wa makaa mwingine, kule ufuoni, Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake.

Wapendwa, karibu kila ushirika una mtu aketiye benchi la nyuma. Alitengwa na Meza ya Bwana, pengine kwa ulevi, au kwa ndoa, au kwa kwenda kwa mganga siku mtoto alipougua. Meza iandaliwapo, yeye hutoka nje kimya kimya. Je, ni nani katika wazee wetu amwendeaye nyumbani kumwuliza habari zake, kama walivyoulizwa wale wa Carthage? Je, ni nani amliliaye kama Celerinus? Au tumekwisha kuandika jina lake kitabuni na kumsahau? Tena tujiulize: mwenye cheo na mali akianguka, je, hatumrudishi upesi bila toba, huku mjane maskini akingoja nje miaka na miaka? Tukifanya hivyo tumeyashika makosa yote mawili pamoja, la makasisi wale na la Novatian.

Nawe uliyeanguka, unayetusikiliza ukiwa peke yako, usidhani kwamba Kanisa la mashahidi halina nafasi kwako. Lilijaa watu kama wewe. Usinunue cheti cha kujifariji, ukisema kosa lako ni dogo. Njoo kwa toba ya kweli, ubishe, na uendelee kubisha.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemrudisha Petro, utufundishe kutubu tulipoanguka, na kuwapokea wenzetu kama wewe ulivyotupokea sisi. Amina.

Hadi tutakapokutana tena katika kipindi hiki, Bwana awabariki na kuwalinda. Kwaherini.