Uimara wa Servi-Car

Watu hukisifu chombo kwa kusema kuwa hakijapata kuharibika. Sifa hiyo ni nzuri, lakini historia ya vyombo haiithibitishi sana. Chombo kisichoharibika hakijaundwa bado. Kilichoundwa ni kile ambacho huharibika kidogo, kikatengenezeka upesi, kikarudi kazini. Tofauti ya maana hizi mbili za uimara huonekana wazi katika maisha ya pikipiki moja ya magurudumu matatu ya Marekani, nayo ni Servi-Car ya kampuni ya Harley-Davidson, iliyotengenezwa tangu mwaka wa 1932 mpaka mwaka wa 1973.

Ilizaliwa katika dhiki. Harley-Davidson, yenye makao yake katika mji wa Milwaukee, iliuza pikipiki zaidi ya 20,000 katika mwaka wa 1929. Biashara ya dunia ilipoanguka, kampuni ilidhoofika hata katika mwaka wa 1933 ikatengeneza pikipiki zisizofika 4,000. Waliokosa fedha za starehe walikuwa bado na magari ya kutengenezwa, na gereji zilikuwa na taabu moja: kumrudishia mteja gari lake kulihitaji watu wawili na gari la pili. Servi-Car iliiondoa taabu hiyo. Fundi aliiendesha hadi kwa mteja, akaifunga kwa chuma nyuma ya gari lililotaka matengenezo, akaliendesha gari hadi gereji huku pikipiki ikifuata. Gari lilipokuwa tayari, alilirudisha kwa njia ile ile, akaifungua pikipiki, akarejea peke yake.

Hata hivyo, kazi iliyoipa jina ni ile ya polisi. Askari walipita polepole kando ya magari yaliyoegeshwa, wakatia alama ya chaki katika mipira, wakarudi baadaye kuona ni gari lipi lililopitisha muda wake. Kwa mtazamaji kazi hiyo ni nyepesi. Kwa injini ni nzito. Injini ya Servi-Car ilipozwa kwa upepo, na upepo huja kwa mwendo. Kwenda kwa hatua ya mtu, kusimama, kuondoka na kusimama tena mchana kutwa juu ya lami yenye joto, ni sawa na kuinyima pumzi.

Iliwezaje kustahimili? Kwanza, haikudaiwa mengi. Silinda zake mbili zilikuwa na ujazo wa sentimita 740 hivi, vali zilikaa ubavuni mwa silinda, na petroli na hewa havikukandamizwa sana ndani yake. Nguvu iliyotoka ilikuwa ndogo kwa ukubwa wa injini. Injini ya mashindano hutoa nguvu nyingi zaidi katika ujazo huo, nayo huchakaa mapema.

Pili, kasoro zake zilisahihishwa. Mafuta ya kulainisha injini za kwanza yalitumika mara moja tu, kisha yakapotea. Tangu mwaka wa 1937 yalizunguka na kurudi katika tangi. Katika mwaka wa 1964 Servi-Car ikawa pikipiki ya kwanza ya Harley-Davidson kuwashwa kwa umeme, ikawa afueni kubwa kwa askari aliyelazimika kuipiga teke kila alipoizima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ilikubali kufunguliwa. Silinda zake za chuma zilipochakaa zilichongwa upya, zikatiwa pistoni kubwa kidogo, na safari ikaendelea. Vipuri havikuwa adimu, kwa kuwa injini ya namna hiyo hiyo ilitiwa katika pikipiki za kijeshi zipatazo 90,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pikipiki ya magurudumu mawili yenye injini hiyo iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika magurudumu matatu injini iliendelea kwa miaka 20 zaidi. Basi maili nyingi za Servi-Car si za injini isiyoguswa, bali za injini iliyorudishiwa uhai mara kadhaa mikononi mwa mafundi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wenye kuziba ufa mapema ndio walioufaidi uimara huo.

Haikukosa aibu zake. Haikuinama katika kona kama pikipiki nyingine, na aliyekata kona kwa kasi aliweza kupinduka nayo. Gurudumu la tatu lilimpa utulivu mwenda pole, likamwadhibu mwenye haraka.

Kazi zake zilipokwisha kuchukuliwa na magari madogo yenye paa, yaliyomkinga askari na mvua, utengenezaji ulikoma katika mwaka wa 1973. Injini ile ilikuwa bado na uwezo wa kazi. Servi-Car zinazoonekana barabarani leo zimefika hapo kwa sababu mafundi wanajua kuzifungua na kuzifunga tena, na kwa sababu waliozibuni hawakuwafungia mlango.