Kufuli la Dawa za Usingizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Historia ya sheria za dawa za usingizi ni historia ya nyufa zilizozibwa baada ya watu kuangamia.

Mwaka 1903 wataalamu wa Ujerumani walitangaza kuwa barbitali huleta usingizi. Mwaka 1912 ikafuata fenobabitali, ambayo hadi leo huzuia degedege kwa wagonjwa wa kifafa. Hata hivyo, dawa za jamii hiyo ziliwaua wengi waliozidisha kipimo, akiwemo mwigizaji Marilyn Monroe mwaka 1962. Ikatafutwa dawa iliyo salama zaidi. Methakwaloni, iliyotengenezwa India mwaka 1951 katika utafiti wa tiba ya malaria, iliuzwa Uingereza kwa jina la Mandrax na Marekani kwa jina la Quaalude, ikisifiwa kuwa haileti uraibu. Sifa hizo zilikuwa za uongo. Waliozoea kuimeza walishindwa kuiacha.

Ndipo mataifa yalipokutana Vienna mwaka 1971 na kuandika mkataba wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili. Mwaka 1984 diazepamu na nyinginezo za jamii yake ziliongezwa katika mkataba huo, na mwaka huohuo Marekani ikaipiga marufuku methakwaloni. Kenya ilitunga sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 1994. Jirani yake Tanzania ikafuata mwaka 1995.

Udhibiti wa dawa hizi ulisimama juu ya msingi mmoja: mgonjwa aonane na daktari, kisha apewe cheti cha dawa. Intaneti ikautikisa msingi huo. Mwaka 2001 kijana wa California, Ryan Haight, mwenye umri wa miaka 18, alifariki baada ya kutumia dawa kali ya maumivu aliyoinunua mtandaoni, akiwa ameandikiwa na daktari ambaye hakuwahi kumpima. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ikiagiza kwamba daktari amwone mgonjwa ana kwa ana, walau mara moja, kabla dawa za namna hiyo hazijauzwa kwa njia ya intaneti.

Lakini tahadhari, msomaji wangu: kufuli humzuia mwizi, na pengine humfungia nje mwenye nyumba. Fenobabitali na diazepamu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Masharti yakizidi kiasi, mtoto wa kifafa kijijini hukosa kidonge chake, ilhali mlanguzi mjini hakosi njia.

Basi sheria njema ni ile inayomlinda mraibu bila kumsahau mgonjwa. Nawe, siku utakapouziwa kidonge cha usingizi pasipo cheti, iwe dukani au kwenye simu yako, jiulize kwanza: ni nani aliyenipima?