Hazina ya Kanisa na Kipimo Chake: Maoni Kutoka Rufiji na Kibiti

Mfanyabiashara aliyefika Salale zamani za majahazi kununua boriti hakuuliza bei ya mti mmoja. Aliuliza bei ya korja, na korja ni ishirini. Mwenye mchele alipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Mwenye sandarusi alipima kwa frasila. Kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake, wala hapana mwenye akili timamu aliyechukua pishi akaenda nayo msituni kupimia mikoko. Biashara hiyo iliishi muda mrefu. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi, aliingia katika delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, nalo likapakia miti ya kwenda kuezekea nyumba za Ghuba, nchi isiyo na miti.

Twaanza na jambo hili la vipimo kwa sababu neno letu la leo lahusu kitu ambacho mara nyingi kimepimwa kwa pishi isiyo yake, yaani hazina ya kanisa. Wengi walioandika habari za misheni za Afrika ya Mashariki wametuhesabia fedha taslimu: zilizokuja kutoka Ulaya, zilizokusanywa katika ibada, zilizolipwa kuwa mishahara. Hesabu hizo zina faida, nasi hatuzidharau. Lakini zikiachwa peke yake hutuambia kanisa lina kiasi gani, zisituambie kama litasimama mwaka ujao.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini Rufiji? Rufiji si nchi ya makanisa. Uislamu ulikita mizizi katika delta na pwani yake kabla ya mmisionari yeyote wa karne ya 19 kutundika kengele, na misheni kubwa zilipita kando. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868, kaskazini. Waanglikana wa UMCA walikwenda Masasi mwaka 1876, kusini. Walutheri wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na katika miaka ya 1890 wakaingia Uzaramo, Kisarawe na Maneromango. Rufiji ilibaki katikati kama kisiwa. Makanisa yanayoonekana leo katika mji wa Kibiti na vijiji vya barabarani kwa sehemu kubwa ni ya wageni: walimu, wauguzi, askari, wafanyabiashara na wafugaji waliohamia, hasa tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na safari ya Lindi ikaacha kutegemea kivuko. Basi, hapo ndipo penye faida kwa mchunguzi. Palipo na kanisa kubwa lenye mashamba na shule, makosa ya kipimo hufichwa na wingi wa mali. Palipo na usharika mdogo, kosa dogo la kipimo huonekana mara moja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatazame maneno yenyewe, maana lugha imehifadhi mengi ambayo madaftari hayakuyaandika. Hazina, hesabu, daftari, amana, wakfu, sadaka, zaka: yote yametujia kwa njia ya Kiarabu, na yote yalikuwa yakitumika misikitini na madukani kabla ya kuingia kanisani. Wafasiri wa Kikristo hawakuwa na haja ya kubuni. Waliazima kwa jirani. Sadaka, ambayo kwa Mwislamu ni utoaji wa hiari, kanisani imekuwa jina la kila kinachowekwa katika kikapu, na kwa Wakatoliki hutaja pia sadaka ya misa. Zaka kwa Mwislamu ni faradhi yenye kiwango na masharti yake. Wakristo wameitumia kwa fungu la kumi, na katika Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, kitabu cha Malaki chaitaja zaka ikipelekwa ghalani. Msomaji na aliangalie neno hilo ghala: si sanduku la fedha, ni mahali pa nafaka.

Lakini neno linalotuvutia kupita yote ni ruzuku. Asili yake ni ile ile ya riziki. Mwenye kuruzuku ni Mungu, na kinachoruzukiwa hakiombewi risiti. Neno hilo hilo ndilo lililochukuliwa kutaja fedha zinazotumwa na serikali au na bodi ya ng'ambo kusaidia kanisa, shule au hospitali. Sidhani kama aliyelichagua alikusudia mzaha, ila maana yake yatisha kidogo: bodi iliyoko London au Berlin imekalishwa mahali pa Mwenyezi. Na kweli, kwa miaka mingi hivyo ndivyo makasha ya misheni yalivyoendeshwa. Fedha zilitoka mbali, kwa sababu zisizojulikana hapa, na zilipokoma zilikoma kwa sababu zisizojulikana vile vile.

Bagamoyo ni ushahidi. Misheni ile iliishi kwa michango ya vyama vya Kikatoliki vya Ufaransa, yaani Chama cha Kueneza Imani kilichoanzishwa Lyon mwaka 1822, na Chama cha Utoto Mtakatifu cha mwaka 1843. Kwa fedha hizo watoto walikombolewa utumwani, mashamba yakafyekwa, minazi ikapandwa. Kisha vikaja vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 na 1871, na mkono wa watoaji ukawa mzito. Kabla hawajapumua, Aprili 1872 kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja kilivunja pia majengo ya misheni. Mtu aliyelifungua daftari la Bagamoyo mwaka 1869 angesema: hapa pana afya njema. Angekosea, si kwa kuwa tarakimu zilikuwa za uongo, bali kwa kuwa hakuuliza swali la kwanza la mpimaji: je, fedha hizi zatoka katika mikono mingapi, na mikono hiyo ikifungwa siku moja, kuna nini kingine?

Hata hivyo mapadre wale walikuwa na jibu la nusu, nalo ni minazi. Mnazi ni mali inayozaa kila mwaka bila kuombwa. Majirani zao Waislamu walilijua jambo hili zamani. Katika pwani yote misikiti mingi haikutegemea makusanyo ya kila juma, bali minazi ya wakfu, shamba au nyumba ambayo pato lake liliwekwa kwa ajili ya mafuta ya taa, mikeka na matengenezo ya paa. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Twala tunda, shina twaliacha. Mwenye kupima kanisa la pwani angefanya vyema kumwuliza mzee wa msikiti wa jirani jinsi wanavyotengeneza paa lao.

Tukitaja paa, kuna jambo la Mkunazini, Unguja, ambalo halihusu fedha moja kwa moja lakini sina moyo wa kuliacha. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti nyingi zilitoka Rufiji. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba delta ndiyo iliyoamua ukubwa wa sebule za Unguja. Askofu Edward Steere, mwenye vitabu vya Kiswahili vinavyojulikana na kila msomaji wa jarida hili, alipojenga kanisa kuu mahali pa soko la watumwa, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya mwaka 1873, aliiacha boriti kabisa akaezeka kwa kuba ndefu ya saruji na matumbawe yaliyopondwa. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Basi kanisa lile, ukilitazama katika safu ya mali, ni zawadi ya Mhindu, sadaka za Waingereza na jasho la mafundi wa Unguja. Mchango wa waumini wenyewe, wengi wao watumwa waliokuwa wamekombolewa jana na juzi, usingeonekana katika daftari la fedha asilani.

Hili la waumini kutoonekana ndilo kiini cha maneno yetu. Henry Venn, katibu wa CMS toka 1841 hadi 1872, alifundisha kwamba kanisa changa sharti lifikie kujitegemea, kujitawala na kujieneza. Roland Allen, aliyefariki Nairobi mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1912. Kwake yeye fedha za ng'ambo zilikuwa ugonjwa, si dawa. Wengi waliwasifu wote wawili, wachache wakawafuata, na sababu moja naiona katika daftari. Kinachoandikwa ndicho kinachopewa sauti. Kama ruzuku ya shilingi elfu imeandikwa, na siku arobaini za wanakijiji kubeba mawe hazikuandikwa, basi katika baraza anayesikilizwa ni mleta ruzuku.

Mtihani ulikuja wenyewe. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wamisionari wa Kijerumani walikamatwa, na kufikia mwaka 1920 karibu wote walikuwa wameondolewa nchini. Ruzuku ikakatika siku moja. Kwa hesabu ya kawaida sharika zao zilikuwa zimefilisika. Lakini Uzaramo, jirani wa Rufiji, hazikufa: Martin Ganisya, mtu aliyepata kuwa mtumwa, aliziongoza sharika za Kilutheri katika miaka ile, na Kilimanjaro walimu waliendelea kufundisha pasipo mshahara wa kutumainiwa. Walikula nini? Walikula mashambani mwao, na walikula kwa watu wao. Hazina ilikuwapo, ila haikuwa katika kasha, wala hakuna aliyekuwa ameipima. Vita vilipofika tena, mwaka 1940 wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini mara ya pili, na somo likarudiwa kwa wanafunzi wale wale.

Mchunguzi wa miaka hiyo ajihadhari pia na sarafu. Daftari laweza kuanza na rupia ya pesa 64, likaingia rupia ya heller 100, kisha shilingi ya Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1921, kisha shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966. Anayechora mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho akasema mapato yalipanda, amepima sarafu, hakupima kanisa. Heri mara nyingine kuuliza makusanyo ya mwaka yangenunua pishi ngapi za mchele.

Na mchele waturudisha mtoni. Mkulima wa bonde la Rufiji hakuishi kwa mwezi. Aliishi kwa mafuriko. Maji yakija kwa kiasi yaliacha rutuba, na yalipopungua alipanda mlau. Yakija kwa ghadhabu yalichukua mpunga wote, na aliyelala katika dungu akilinda ndege alibaki akilinda maji. Mpunga huvunwa katikati ya mwaka, korosho mwishoni. Kanisa linalofunga hesabu Desemba na kudai ahadi sawa kila mwezi litawaona wakulima wake kuwa wadaiwa sugu Machi, na watoaji hodari Julai, ilhali ni watu wale wale. Kwa upande mwingine, usharika wa Kibiti ulio na walimu na wauguzi hupata sadaka isiyopanda wala kushuka, na mtunza hazina hufurahi. Lakini barua chache za uhamisho zaweza kuondoa nusu ya mapato kabla ya Pasaka. Kipi chenye afya? Sioni jibu mpaka tujue akiba yao ingewalisha miezi mingapi, deni lao ni kwa nani, na fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu, kama ujenzi, hazijaliwa kwa mishahara. Hili la mwisho ni ugonjwa wa siri. Kasha huonekana limejaa, kumbe si lake.

Majengo nayo yapimwe kwa watu. Mwaka 1968 na 1969 wakazi wengi wa bonde walihamishiwa vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu, na ukuta uliobaki bondeni, hata uwe imara namna gani, haukuwa mali tena ya mtu wa kuutumia.

Imebaki desturi ya mnada. Katika sharika nyingi za Kilutheri, baada ya ibada, walioleta mazao badala ya fedha huona kuku, mayai, mua au kikapu cha mihogo vikinadiwa mlangoni. Yai laweza kununuliwa kwa bei mara tatu ya dukani, mnunuzi akalirudisha linadiwe tena, na la tatu likaenda kwa mgonjwa. Daftari huandika jumla moja ya fedha chini ya neno "mnada". Jina la bibi aliyeleta yai halimo, na kwa mwenye kusoma daftari hilo miaka hamsini baadaye, waliotoa ni wale watatu wenye noti mfukoni.