Hola 1959: Maiti Kumi na Moja na Karatasi Tatu

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa fupi kwa magazeti. Ilisema kwamba mahabusu kumi wa kambi ya Hola, kando ya mto Tana, walikuwa wamefariki siku iliyotangulia. Walikuwa katika kundi la watu kama mia moja waliokuwa wakichimba mifereji ya umwagiliaji, na vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari moja la maji, ambalo wenzao na askari waliowalinda walilitumia pia. Tuisome taarifa hiyo polepole. Haidai popote kwamba maji ndiyo yaliyoua. Inayaweka maji upande huu na maiti upande ule, kisha inamwachia msomaji ajumlishe mwenyewe. Virungu havikutajwa, kipigo hakikutajwa, wala amri iliyowapeleka watu wale shambani. Mtu aliyesoma gazeti lake asubuhi ile, Nairobi au London, alipewa picha ya joto kali, kiu na bahati mbaya. Kisa cha Hola kimeandikwa mara nyingi kama kisa cha ukatili, na ni haki yake. Ila kina funzo jingine kwa yeyote anayetaka kuijua historia kutokana na magazeti na majalada: mbele ya karatasi ya zamani, kabla ya kutazama muhuri na sahihi, uliza kwanza iliandikwa ili isomwe na nani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na Gavana Evelyn Baring tangu Oktoba 1952, na kufikia mwaka 1959 mahabusu wengi wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni walikuwa wameachiliwa. Waliobaki Hola walikuwa wale ambao serikali iliwaita sugu. Walikataa kufanya kazi za kulazimishwa kwa hoja iliyo wazi: hakuna mahakama iliyowahukumu, na kukubali kazi kungekuwa kama kukiri kosa. Ndipo ofisa wa magereza, John Cowan, alipoandika mpango wa kuwatoa kwa makundi madogo madogo, kuwapeleka kwa nguvu hadi mahali pa kazi na kuwalazimisha waifanye. Wakuu wa Nairobi wakauidhinisha. Tarehe 3 Machi mkuu wa kambi aliwatoa watu 85 kwa mara moja, wakiwa wamezungukwa na askari wenye virungu. Walipokataa kuchimba, walipigwa. Kumi walikufa siku hiyo, wa kumi na moja akafa baadaye, na wengine wengi walijeruhiwa vibaya.

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo wahenga, na njia ya gari la maji ilikuwa fupi kweli. Madaktari waliopasua maiti waliona alama za kupigwa, na katika mwezi huohuo serikali ikalazimika kukubali kwamba huenda nguvu ilitumika. Uchunguzi wa vifo ukafunguliwa mbele ya hakimu W. H. Goudie, naye akatoa uamuzi wake mwezi Mei: watu wale walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kulikotokana na majeraha mengi ya kipigo. Hii ndiyo karatasi ya pili ya Hola, na tofauti yake na ile ya kwanza ni kubwa, ingawa zote mbili zimetoka kwa serikali ileile. Taarifa ya Machi iliandikwa na watu walioamini kwamba hakuna atakayeipima. Uamuzi wa Mei uliandikwa na mtu aliyejua kwamba kila neno lake litalinganishwa na ripoti za madaktari na maswali ya mawakili. Hata hivyo karatasi ya pili nayo ina mipaka yake. Hakimu aliulizwa watu wamekufaje, akajibu. Hakuulizwa ni utaratibu gani uliofanya kipigo kuwa kazi ya kawaida katika kambi. Na kwa kuwa haikuwezekana kuthibitisha ni mkono wa nani uliompiga marehemu yupi, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mtu anayesoma uamuzi huo peke yake anaweza kudhani kwamba Hola ilikuwa siku moja mbaya na mpango mmoja uliokwenda kombo.

Karatasi ya tatu ilichelewa kufika kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliowahi kuwekwa kizuizini waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kesi ikiwa inaendelea, mwaka 2011, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na majalada kama 1,500 ya Kenya katika masanduku 300 hivi, yaliyoondolewa nchini kabla ya uhuru wa 1963 na kufichwa Hanslope Park, Uingereza. Uondoaji huo haukuwa wa bahati mbaya. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Nyingine zilisafirishwa, nyingine zikachomwa moto. Katika karatasi za utawala wa kikoloni ambazo tunazo leo umo waraka wa Juni 1957 wa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, unaoeleza jinsi ya kutumia nguvu dhidi ya mahabusu: wasipigwe sehemu za hatari, hasa wengu, ini na figo, na anayepiga awe mtulivu, asiye na hasira. Mwanasheria huyohuyo alimwandikia gavana kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Haya yaliandikwa karibu miaka miwili kabla ya Hola. Waandishi wake walikuwa wakisema kweli kwa sababu walikuwa wakisemezana wao kwa wao, na hawakutarajia kwamba mjukuu wa mahabusu ataketi siku moja ayasome.

Picha nazo zina historia yake katika vita hivi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliwashambulia wakazi wa Lari, wakaua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Serikali ilipiga picha za maiti na majivu ya nyumba, ikazisambaza kwa magazeti na kwa wabunge. Picha hizo ni za kweli, na aliyeuawa Lari anastahili kuombolezwa kama aliyeuawa Hola. Lakini homugadi, yaani walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali, na askari wa serikali walilipiza kisasi katika eneo hilohilo, wakaua watu wengi, na maiti hao hawakupigiwa picha za kusambazwa. Vivyo hivyo hakuna picha ya kipigo cha Hola. Kamera haikudanganya Lari. Ilielekezwa tu upande mmoja, na kwa miaka mingi dunia ikaamini kwamba upande usio na picha haukuwa na wafu. Anayepima historia kwa wingi wa picha anapima nani aliyekuwa na kamera na ruhusa ya kuitumia.

Kuna watakaosema: kama maandishi ya serikali yanasema uongo namna hii, tuyatupe, tuwasikilize wazee. Hoja hiyo ina uzito. Wambugu wa Nyingi, mmoja wa waliofungua kesi ya London, alipigwa Hola mpaka akapoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti kwa siku mbili kwa kudhaniwa amekufa. Mwanahistoria Caroline Elkins alipochapisha mwaka 2005 kitabu juu ya kambi hizo kilichotegemea sana ushahidi wa watu kama Wambugu, wasomi wengi walimshutumu kwa kuamini mno masimulizi. Majalada ya Hanslope yalipofunguliwa, mengi ya waliyosimulia wazee juu ya mateso kambini yakathibitishwa na maandishi ya watesi wenyewe. Lakini kuhusu idadi ya waliokufa mambo yalikuwa tofauti. Elkins alikuwa amekadiria kwamba watu kati ya 130,000 na 300,000 hawakujulikana walipo. Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alirudi kwenye hesabu za watu za ukoloni, akapata vifo vya ziada vipatavyo 50,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi. Hesabu hizo za watu nazo zilikuwa karatasi za serikali. Kwa hiyo mzee alijua alichotendewa kuliko jalada lolote, na jalada likajua ambacho mzee mmoja hawezi kukihesabu. Kumtupa mmoja wao ni kupoteza nusu ya ushahidi.

Wengine watasema kinyume: mfumo wa Uingereza ulijisahihisha wenyewe. Hakimu alisema kweli, serikali ikachapisha nyaraka za Hola, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 kuamkia 28 Bunge la London lilijadili vifo hivyo, ambapo hata Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, alikataa kwamba Waafrika wapimwe kwa kipimo cha haki kilicho chini ya kile cha Waingereza. Yote hayo yalitokea, na yaliharakisha mwisho wa kambi. Lakini tuangalie ni nini kilichoyalazimisha. Maiti walikuwa kumi na mmoja kwa mkupuo mmoja, idadi iliyoshinda kufichika. Waliokufa mmoja mmoja katika kambi nyingine hawakupata hakimu wala mjadala wa usiku kucha. Isitoshe, mfumo ule uliojisahihisha mwezi Julai ndio uliofunga masanduku miaka michache baadaye. Mwaka 2013, Uingereza ilipotangaza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ilifanya hivyo baada ya kupigana na kesi kwa miaka minne na kushindwa mahakamani kuizuia isisikilizwe.

Nasi tusijitoe katika hesabu. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ya mwaka 1950 iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru mpaka 2003. Kwa miaka arobaini mzee aliyetoka kizuizini alikuwa, kwa mujibu wa daftari la nchi yake mwenyewe, mfuasi wa chama haramu, na wengi walikwenda kaburini kabla hawajaulizwa waliyoyaona. Majalada ya Hanslope sasa yanasomwa Kew, London, na Mkenya anayetaka kusoma nakala halisi lazima apande ndege. Serikali ya Kenya inapaswa kudai karatasi hizo zirudi Nairobi, na vyuo vyetu vinapaswa kurekodi sauti za waliobaki kabla wachache hao hawajaisha. Kila mwalimu wa historia awawekee wanafunzi wake taarifa ya gari la maji, uamuzi wa Goudie na ushahidi wa Wambugu wa Nyingi juu ya meza moja, kisha awaulize kila karatasi ilikuwa inasema na nani. Kijana atakayeweza kujibu swali hilo juu ya Hola ataweza kulijibu pia juu ya taarifa ya serikali yake mwenyewe.