10 na 2: Karata Zilizokataa Kusahaulika

Mtaani ukisema poka, wengi wanafikiria ule mchezo wetu wa kadi: J inaruka, Q inauliza swali, na ukikaribia kumaliza lazima useme "niko kadi." Ukishagawiwa, umegawiwa. Huwezi kuukataa mkono wako. Texas Hold'em ni stori nyingine. Unapewa karata mbili za siri, na kabla karata tano za pamoja hazijaanza kufunuliwa mezani, unaulizwa: unatupa, unafuata dau la wenzako, ama unaongeza? Kwangu mimi, hilo swali la kwanza ndilo gumu kuliko yote, na kuna historia inayoonyesha tunavyolisahau.

Mchezo wenyewe asili yake ni Texas. Mwaka 2007 bunge la jimbo hilo liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Ulifika Las Vegas miaka ya 1960, na mwaka 1970 Benny Binion akaanzisha World Series of Poker kwenye kasino yake, Horseshoe.

Mwaka 1976, fainali ilibaki na watu wawili: Doyle Brunson, Mtexas, na Jesse Alto. Brunson alishika 10 na 2 za shupaza. Zikafunuliwa tatu za kwanza: ree, J na 10. Alto alikuwa na ree na J mkononi, kwa hivyo alikuwa mbele. Ikaja 2. Halafu 10 nyingine. Brunson bingwa! Mwaka 1977 akarudi fainali, safari hii dhidi ya Gary Berland, na amini usiamini, mkono wa mwisho ukawa 10 na 2 tena. Zikafuata 2, kisha 10, vilevile. Mpaka leo wachezaji huziita karata hizo kwa jina lake.

Sasa tupige hesabu. Pakiti ya karata 52 inatoa mikono 1,326 ya karata mbilimbili. Ree mbili huja kwa wastani mara moja katika 221. Jozi yoyote ile, mara moja katika 17. Yaani mara nyingi unachoshika ni takataka tu. Mwaka uleule wa 1976, David Sklansky alitoa kitabu kilichoipanga mikono ya kuanzia kwa makundi, kulingana na nguvu yake. Pia alitilia mkazo mahali ulipokaa: anayeamua mwanzo hajui wenzake watafanya nini, kwa hivyo anahitaji karata kali zaidi. Anayeamua mwisho ameshawaona.

Kwa hesabu hiyo, kwenye meza ya watu tisa, 10 na 2 ni za kutupa bila kufikiria mara mbili. Brunson alikuwa amebakiza mpinzani mmoja tu, na mkifika wawili hata karata dhaifu hupanda thamani. Lakini stori ikisimuliwa, hicho kipande huachwa nje.

Ndiyo sababu huwa namkumbuka Brunson nikiona mtu ameposti mkeka wake ulioingia. Hakuna anayeposti uliochanika, na hakuna kabisa anayeposti ule aliokataa kuweka. Brunson naye alitupa mikono mingi sana kabla ya kufika fainali zile mbili. Hiyo haikupewa jina, ingawa ndiyo iliyomfikisha pale.